Mti Hauachi Mfupa

Nimeajiriwa kuchekecha udongo.
Pango liko maweni, nyuma ya Muyuni,
nami nakaa mdomoni mwake na chekeche la waya,
kutwa natikisa, natikisa,
kama mtu apetaye mchele wa arusi isiyokuja.
Kinachopita ni vumbi.
Kinachobaki hutiwa mfukoni, huandikwa namba.

Siku moja kikabaki kipande cha ubavu.
Pundamilia, akasema Bwana Mcha,
nami nikacheka hadi chekeche likaniponyoka:
pundamilia, Unguja? Alivuka kwa tiketi ya nani?
Akasema hakuvuka. Hapakuwa na bahari ya kuvuka.
Maji yalikuwa chini, mbali,
na hapa tulipo palikuwa mbuga tu, imeshikana na Mrima.

Ubavuni pana kishimo. Nikatia ncha ya kidole, ikaenea.
Mkuki? nikauliza.
Labda. Labda jino la fisi.
Bwana Mcha hasemi neno bila labda mbele yake.

Na mkuki wenyewe u wapi?
Akanionyesha mikono mitupu.
Jiwe hukaa. Mfupa hukaa, ukipata chokaa ya kuulinda.
Mti huliwa.
Ni huko tu, nchi za baridi, kwenye tope la ziwa la kale,
ilikookotwa mikuki mizima ya mti,
imelala pamoja na mifupa ya farasi,
na walioichonga hawakuwa hata watu kama sisi:
ndugu wa mbali, wa tumbo jengine,
paji limetokeza, kidevu hakuna,
jina walilojiita halikuokotwa.

Nikamhadithia kaka yangu Pandu, ambaye ni msasi,
Jumapili huenda na wenziwe na mbwa
kufukuza nguruwe walao mihogo yetu.
Hakustaajabu. Akatwaa panga, akaingia chakani,
akarudi na mkaati mwembamba, ameung'oa na mizizi yake.
"Ncha itoke upande wa shina," akasema,
"huko mti ulikokomaa. Wajinga huchonga kileleni.
Na kiini kiache kando, kiini ni laini."
Akaubambua kwa kombe.
Akaizika ncha jivuni, si motoni:
moto huunguza, jivu hufundisha.
Kisha akausugua jiweni mpaka adhana ya alasiri.

Nani kakufunza?
"Baba."
Na baba?
Akanitazama kama niliyemuuliza nani kamfunza kupiga chafya.

Nikauomba. Uzito wake uko mbele.
Mgomba uko hatua kumi na tano.
Sijapata kurusha kitu maishani ila jiwe kwa kunguru.
Bega likarudi nyuma lenyewe,
mguu ukatangulia wenyewe,
na kabla sijaamua
mti uko ndani ya mgomba, unatetemeka,
maji yanachuruzika.
Kuku walinyamaza. Hata Pandu alinyamaza.

Usiku sikulala vizuri.
Nilikuwa namuwaza yule,
maana mti hauendi mbali, lazima usogee,
umsikie mnyama anavyopumua,
harufu yake ikuingie puani, naye yako,
na pengine alikuwa mwanamke, hapana aliyeandika,
pengine aliogopa, akarusha hivyo hivyo, akiogopa.

Mwezi umepita. Bado nachekecha.
Mkuki wa Pandu ndio nguzo ya kamba yangu ya nguo,
nimeuchomeka uani, foronya mbili zinaupepea.
Mchwa wameshaanza,
chini, upande wa ncha.