Mfuko wa Kushoto

Etelka aliinunua kwa bei ya nguruwe mmoja,
tena nguruwe mwembamba,
ghalani kwa Rezső, nje kidogo ya Makó,
ambako kuku walikuwa wametagia kiti chake
miaka nisiyoijua idadi.
Pannonia. Tangi limeliwa na kutu, rimu zimepinda,
ndani ya taa ya mbele mayai mawili
ambayo hakuna aliyethubutu kuyavunja.

Akaiingiza jikoni.
"Bandani vidole vinaganda," akasema.
"Wewe, Ödön, utakula umesimama."
Nikala nimesimama, Desemba nzima.

Miaka thelathini na mmoja alichambua vitunguu bohari:
hiki kizima, hiki kimeoza, hiki kipe wiki moja.
Sasa vidole vilevile vinachambua nati
kwenye mabakuli ya supu.

Tangini alimimina siki, akatumbukiza mnyororo mfupi,
akaniwekea mapajani: "Tikisa."
Nikalitikisa kama mtoto mwenye msokoto wa tumbo,
jioni baada ya jioni,
likatapika maji mekundu, kisha ya hudhurungi, kisha maji.
Haba na haba hujaza kibaba;
haba na haba pia humaliza mabega.

Kabureta aliichemsha sufuriani.
Sufuria ile haijaona mchuzi tena.

Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda.
Aliibembeleza kwa mafuta na moto mdogo siku tisa.
Siku ya kumi akachoka kubembeleza,
akatwaa kipande cha mti na nyundo.

Rezső akaja, kofia mkononi, kama aliyefika matangani.
"Kiwandani ilitoka nyekundu," akasema.
"Na hayo madigadi, ukiyakata umeiua."
Etelka hakuinua uso.
"Asili yake ni ipi, Rezső?
Ile ya kiwandani, au ile ya kuku wako?"
Akashika msumeno.

Akaipaka rangi ya ganda la kitunguu;
si lile la juu linalopeperuka,
la pili yake, lililoshika mwanga.
Alichanganya mara saba kabla ya kuipata.
Najua, nilihesabu vijiko.

Ijumaa moja ya Februari nikatafuta koti langu la ngozi,
lile nililovaa siku nilipokwenda kumposa.
Msumari mtupu.
Juu ya meza, mkasi, na mkono mmoja wa koti.
"Lilikuwa linakubana," akasema.
"Tangu lini?"
"Tangu mwaka wa tisini."
Ukweli hauna pa kujibiwa. Nikachemsha chai.

Machi, theluji ikageuka tope.
Teke la kwanza: kikohozi.
Teke la pili: goti lake, na tusi
ambalo sikujua kwamba analijua.
Akafungua plagi, akaipuliza kama anayepoza uji,
akairudisha.
Teke la tatu, moshi wa buluu ukajaa hadi dari,
mapazia yakapoteza rangi,
na kabatini glasi za harusi yetu
zikagongana zenyewe.

Mwanamke ambaye vitunguu vya miaka thelathini na mmoja
havikumtoa chozi
alisimama pale akijifuta kwa kitambaa cha grisi.
"Moshi," akasema.
"Moshi," nikaitikia, nikafungua dirisha,
ingawa si kwa haraka.

Siku hizi Jumapili tunapanda tuta la mto Maros.
Yeye mbele, ameinama, mabega yamejaa upepo.
Mimi nyuma nimekalia viwiko vyangu vya zamani.
Mfuko wa kushoto hakuutupa:
aliushonea ubavuni mwa kiti, na kifungo chake,
ndani plagi ya akiba imeviringishwa karatasi ya mkate.
Baridi ikizidi, mkono mmoja naupeleka kiunoni kwake.
Wa pili haungoji kuambiwa.
Unaingia mfukoni
na kuikuta plagi, bado ina uvuguvugu wa injini.