Maji Huhama

Asubuhi ya Julai, Kariobangi imevaa sweta,
gari lenye mapazia linaingia gereji likitweta.
Isuzu la kubeba mchanga, zamani hizo;
leo lina jiko, kitanda, choo nyuma ya mlango wa plastiki,
na sufuria tatu zinazogombana kila likikanyaga shimo.

"Linakunywa maji," anasema Mwalimu Ochwada,
"lita mbili kutoka hapa hadi Naivasha,
na chini halidondoshi hata tone."
Wa Grogan alibadilisha rejeta.
Wa Industrial Area, pampu.
Wa tatu alimwuzia kifuniko,
wa nne akasema ni gasketi, alete elfu sitini.
Mkewe hakushuka. Alikuwa ndani akikata sukuma.

Mimi, Mutheu, sigombani na maji.
Maji hayapotei. Maji huhama.
Nikachomoa kijiti cha oili: nyeusi, haina maziwa.
Nikanusa moshi: moshi tu.
Basi gasketi haina hatia,
na elfu sitini zikarudi mfukoni kabla ya kutoka.

Nikalala chali juu ya kartoni. Kairu akapampu geji.
Mshale ukapanda, ukatulia kidogo,
halafu ukaanza kushuka polepole
kama mtu anayeondoka matangani bila kuaga.
Chini, pakavu. Tukangoja. Pakavu.
"Fundi, hili lina jini."
Nikamwambia jini hanywi dawa ya rejeta.

"Mwalimu, maji ya kuoga mnayapasha wapi?"
Akaelekeza kwa kidevu: nyuma, chini ya kitanda.
Kumbe joto la injini linasafiri
kwa mipira miwili, mita sita kwenda, sita kurudi,
imelazwa kwenye sponji kati ya mbao na bati,
ili mstaafu aoge maji moto porini.
Mita kumi na mbili ambazo hakuna aliyeziuliza,
maana nani hutafuta injini chumbani kwa watu?

Nikavua viatu.
Bi. Nekoye akazitazama soksi zangu, akasogeza karai.
"Huku kuna harufu," akasema, hakuulizwa,
"tamu, kama peremende iliyoyeyuka. Nimemwambia tangu Pasaka.
Anasema ni sabuni yangu."

Nikabonyeza zulia, likatema kijani.
Nikaufuata unyevu kwa kiganja
kama unavyoitafuta homa mgongoni mwa mtoto,
nikafika kwenye rafu ya vitabu.

Rafu nzuri. Mvule, msasa wa mkono, vanishi mara tatu.
Skrubu nne zimeishika sakafuni.
Tatu zinang'aa.
Ya nne imeota ndevu za kijani.

Nikaizungusha nusu,
maji yakaruka yakanipiga shavuni.
Mwizi na askari katika sare moja:
ilitoboa mpira, kisha ikakaa tunduni ikiuziba,
ikiachia kidogo kidogo
barabara ikitikisa, mpira ukishika moto.

"Nani alitengeneza rafu?"

Jirani akagonga bodi ya gari nyundo tatu.
Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa,
akaivua akaifuta tena.
Bi. Nekoye hakusema kitu. Alirudi kwa sukuma yake,
ila kisu sasa kilikuwa na mdundo.

Tukang'oa ubao mmoja. Nikakata palipojeruhiwa,
nikaunga kwa kipande cha shaba, klipu huku na huku,
nikajaza, nikatoa hewa hadi mapovu yakachoka.
Kairu akapampu. Mshale ukapanda, ukakaa.
Tukanywa chai. Ukakaa.
Wahenga walituachia methali ya ufa na ukuta;
ya mpira na skrubu waliiacha,
kila mtu ajitungie akiwa amelowa.

Elfu mbili na mia tano, vifaa na kazi.
Akaongeza mia tano, akaninong'oneza:
"Kwenye risiti andika mpira ulizeeka."
Nikaandika. Mpira hauna wa kuutetea.

Lakini gari lilipogeuka getini,
pazia la nyuma lilikuwa wazi, nikaiona:
juu ya rafu, mbele ya vitabu vyote,
imesimamishwa wima kama kikombe cha mashindano,
skrubu moja, yenye ndevu.