Brashi ya Hermínia

Niliiazima Aprili, kwa siku mbili tu, nikamwambia,
na sasa ni Oktoba.
Mlango wangu wa buluu umekula jua lote la kiangazi cha Estremoz,
umeanza kupauka pembeni,
na brashi yake ipo nyuma ya mtungi wa gesi,
imesimama koponi, ngumu kama kwato.

Wala hajaniuliza.
Hilo ndilo linaloniuma.
Angegonga, akafoka, ningejua pa kuanzia.
Lakini kila asubuhi anafagia kizingiti chake,
"Deolinda, umeamkaje?"
na macho yake hayaugusi mlango.

Mwanangu ananiambia kwa simu kutoka Lizaboni:
mama, nunua nyingine, euro tatu na nusu.
Hajui. Mpini wake ni wa mzeituni,
mume wa Hermínia aliuchonga kwa kisu cha jibini,
akaacha kibonyeo cha kulaza kidole gumba.
Kibonyeo hakiuzwi dukani.

Basi leo Jumapili, watu wakiwa kanisani,
nimejifungia jikoni kama mwizi.
Siki ya mvinyo, ile ya saladi, vikombe viwili,
katika sufuria ambayo kuanzia leo haipiki tena supu.
Usiiache ichemke, alizoea kusema marehemu Baltazar,
ambaye yai lilimshinda lakini rangi aliijua:
ikichemka, nywele zitajikunja; ikipoa, utakesha.
Iwe moto wa kuuma kidole, si wa kukibabua.

Nusu saa.
Harufu inapanda puani, machozi yananitoka,
na kwa kuwa ni ya siki
nayaacha yatoke.

Kisha kitana, kile cha meno mapana,
kutoka shingoni kuja nchani, kama kumchana mtoto mkaidi.
Buluu inaachia: kwanza magamba, halafu ute.
Tone la sabuni ya vyombo kiganjani. Sugua, suuza,
rudisha sufuriani.
Nguo ya kuazima haisitiri matako.
Brashi je? Mlango wangu umependeza mbele za watu
na mimi nimejificha nyuma yake miezi sita.

Mara ya tatu ndipo nilipoona.
Kule ndani, karibu na shingo ya bati,
ambako hata mwoshaji hodari hafiki,
chini ya buluu yangu palikuwa na kijani.
Si kijani chochote.
Kijani chenye kijivu ndani yake, cha jani la mharagwe lililokauka,
Baltazar alikichanganya mwenyewe kwa madirisha yetu,
akapaka moja, na nusu ya la pili,
kisha ikaja Februari ile.

Wiki moja baada ya maziko nilirudi kutoka kwa dada yangu, Elvas,
nikakuta madirisha yote manne yamekamilika,
na kopo tupu, limefunikwa vizuri, chini ya ngazi.
Nilimshukuru padri.
Nilimpelekea soseji sita na chupa ya mafuta
naye akapokea, Mungu amsamehe,
hakusema ni yeye, hakusema si yeye.

Miaka saba.
Hermínia, na goti lake lile, juu ya ngazi!
Na kila asubuhi anapita mbele ya kazi ya mikono yake:
umeamkaje?
Tena hakuiosha vizuri. Nimecheka peke yangu,
mwanamke anayefagia hata kivuli chake.

Magadi yalikuwa tayari mezani, na mswaki mkuukuu,
vya kuchokoa kilichobaki.
Nimeyarudisha magadi kabatini.
Nimeisuuza kwa maji yenye tone la kilainisha nguo,
nikazinyoosha nywele kwa vidole, nikazifunga
kwa ukurasa wa kandanda na uzi wa jikoni,
nikaitundika kichwa chini ikauke.

Kesho nitavuka barabara. Soseji nimehesabu kumi na mbili.
Akiuliza mbona haikutoka yote,
nitamwambia siki iliniishia.