Mwenye Kumdai Aje

Kazi yangu ni kuandika kila neno
ukumbini Chukwani, hata lile "aa, Mheshimiwa Spika"
la mtu asiyejua aseme nini.
Leo vidole vimenichoka kwa neno moja: hesabu.

Alisimama Mheshimiwa Tumu Shehe, wa kule Micheweni,
miwani imemteremka puani,
akauliza pole pole, kama aulizaye bei ya pweza:
"Fomu ya kodi ya Mkubwa wetu,
ile aliyoijaza kwa mkono wake,
ya mashamba, ya nyumba za kupangisha, ya hisa za hoteli,
Kamati yetu ina haki ya kuiona, au haina?"

Kelele. Nikaandika: (Kelele).
Makofi upande mmoja. Nikaandika: (Makofi).
Kimya hakina alama yake,
nikakiacha kipite.

Akainuka Dadi Nassor, wakili, sauti ya asali:
"Mkubwa naye ana mlango, na mlango una pazia.
Mkifunua la kwake leo,
kesho nani atabakiwa na sitara?"
Na mimi, niliyeificha karatasi ya mshahara
ndani ya foronya, mume wangu asijue
ninachompelekea mama,
nilitikisa kichwa: kweli, kweli.
Sikuandika. Kichwa changu hakimo katika kumbukumbu rasmi.

Feni ikaendelea kukata hewa, kata, kata,
nami nikajikuta Makunduchi, mwaka ule wa mvua,
uani na wanawake, nyuma ya pazia la kanga,
jeneza la baba limeshainuliwa.
Kaka Vuai akasema, sauti imempasuka:
"Jamaa, marehemu alikuwa mtu kama watu.
Mwenye kumdai aje."
Na Mzee Ngwali wa tanuri la mikate
akatoa daftari pale pale:
boflo kumi na saba, sukari nusu kilo.

Baba yangu, mtu wa haya,
aliyekuwa akila mlango umefungwa
watu wasione sahani ilivyo nyeupe,
akahesabiwa mbele ya mtaa mzima.
Hakuna aliyesema: mmemvua nguo.
Walisema: amekwenda mwepesi.

Na yeye hakushika cha mtu ila jembe la kuazima.
Huyu wa leo ameshika bandari,
ameshika ufunguo wa hazina,
na skuli ya mwanangu, watoto tisini chumba kimoja,
wa nyuma wanaandikia magotini.
Muuza dagaa wa Darajani
jiwe lake la mizani hukaguliwa, likagongwa muhuri.
Sijamsikia akisema
jiwe ni siri yangu na mke wangu.

Ila nisijifanye sioni.
Aliyepiga meza kwa nguvu kuliko wote
ana gari tatu kwa jina la shemeji yake.
Na wewe, Tumu Shehe, dada yangu,
fomu yako iko kabati gani?
Daftari likifunguliwa kwa ajili ya kisasi
halisomwi, linachanwa.
Mzee Ngwali alidai mikate yake tu,
hakuuliza baba alilala na nani njaa.

Saa nane Spika akaahirisha mpaka Jumanne.
Mhudumu akakusanya vikombe.
Bahasha ya khaki, kama ilikuwapo,
haikuletwa.

Njiani nikanunua mchele kilo mbili.
Kijana wa duka akanikatia risiti ndefu kama utepe:
bei, kodi, tarehe, saa na dakika.
Serikali inajua nitakula nini usiku,
nikacheka peke yangu, watu wakanitazama.

Nyumbani nikaitoa ile karatasi kwenye foronya,
nikaiweka mezani, chini ya kikombe cha mume wangu.
Ninakula naye chungu kimoja; ana haki.
Kisha jirani akapita, akachungulia dirishani kama ada yake,
nikavuta pazia.