Daftari la Mkaa

Mwezi wa tano: magunia mawili.
Mwezi wa sita, baridi: mawili na nusu.
Niliandika kwa kalamu ya Damari, ile ya shule,
iliyotafunwa mkia,
wala si kwa ajili ya dunia.
Niliandika kwa ajili ya hela.
Dunia iliingia baadaye, kwa mlango wa uani.

Ndahani aliyaleta kwa baiskeli, alfajiri,
kutoka huko ng'ambo ya Mpunguzi,
lumbesa imemzidi kimo.
Siku moja nikamuuliza: hili lilikuwa mti gani?
Akahesabu noti zake mara mbili.
"Mgunga," akasema. "Mkubwa.
Kivuli chake kilitosha ng'ombe thelathini."

Usiku ule maharage yalitokota kwa saa tatu,
na kila kaa lililopasuka jikoni
nilisikia ng'ombe mmoja akiinuka, akiondoka.

Basi nikaanza na maharage.
Kuyaloweka tangu jioni,
neno aliloniambia mama nikiwa na miaka kumi
nikalitupa na maji ya vyombo.
Kufunika sufuria: miaka kumi na minne ya ndoa
mfuniko wangu ulikuwa wa kupembulia mchele.
Kisha kapu la mavyaa la kubebea mtama,
nikalishindilia majani makavu, magunia,
na sweta la Enosi lililotoboka kiwiko.
Sufuria ikichemka nusu saa naitia humo,
nafukia, naenda zangu sokoni Majengo.
Nikirudi yameiva yenyewe,
kama mtoto uliyemwacha peke yake
ukamkuta amefua sare.

Enosi alicheka wiki nzima:
"Jamani, mke wangu anaatamia sufuria!"
Akanyamaza alipofunua daftari. Gunia moja.
Tangu hapo yeye ni askari
wa ile taa nyekundu ya televisheni,
kale kajicho kasikolala, kanakokunywa luku usiku kucha.
Sabasaba anakwenda kwa miguu,
upepo wa Dodoma ukimvua kofia,
anarudi na vumbi hadi kwenye nyusi.
Na yale matufaa ya kibandiko,
yaliyosafiri kuliko ukoo wetu wote,
tumeachana nayo.
Tunakula zabibu za Hombolo zikiwepo.
Zisipokuwepo tunakula subira.

Sina mizani ya kupimia moshi.
Wenye nayo wanataja tani; mimi napima kwa masizi.
Ukuta wa jiko niliupaka chokaa mwezi wa nane.
Mpaka leo naiona chokaa.

Mwezi wa kumi, hodi.
Ndahani, baiskeli kaiegemeza, gunia bado limejaa.
"Mama Damari, nimekukosea nini?"
Hujanikosea.
"Basi wanangu watatu ndio waliokukosea?"

Hili halikuwa na ukurasa kwenye daftari.

Nikampakulia. Alikula kimya,
akaongeza, akalitazama kapu,
akaligonga kwa kidole
kama abishaye hodi nyumba ya hasimu.
"Ndilo hili?"
Ndilo.
"Na maharage matamu," akasema, kwa uchungu kabisa.

Nilinunua debe moja,
nusu kwa haja, nusu kwa haya.

Alikuwa ameshapanda baiskeli alipogeuka.
"Ule mgunga umechipua. Machipukizi tisa, kwenye kisiki.
Ukiyaacha yote ni kichaka cha mbuzi.
Ukiacha moja, ukalifunga alama watu walione…"
Hakumaliza. Alikuwa anatazama sweta.

Nikakata mkono mmoja, ule wenye tundu.
Akauweka mfukoni pamoja na hela yangu,
sijui kipi kilimwelemea zaidi.

Mwezi wa kumi, nimeandika: debe moja.
Chini yake, kwa kalamu ileile:
mgunga, chipukizi moja.
Ng'ombe: bado.