Nondo, Milimita Kumi na Mbili

Kwangu mimi nondo ni chuma.
Huja na mkokoteni kutoka Barabara ya Obote,
naikata, naikunja kwa goti,
naichomelea mpaka iwe geti la mtu mwenye mali.

Kwa Ajuang', binti yangu, nondo ni mdudu
anayeishi ndani ya mashine ya michezo
niliyopewa na mteja wa Milimani
aliyepungukiwa na elfu tatu za dirisha.
Kioo chake kimepasuka pembeni, kama ukucha.

"Baba, akikua atakuwa na mbawa sita, zote za moto."
"Milimita ngapi?" namuuliza.
Hucheka mpaka mswaki ukamdondoka.

Maana wakati huo alikuwa kiwavi bado,
mnene, mweupe, manyoya shingoni,
jina lake Kijinga.
*Cha moto, Baba, si cha akili.*
Wenzake hugeuka mapema, ngazi ya kumi, ya ishirini.
Kijinga mpaka sitini.
Na akipigwa jiwe moja tu, kwisha.
Miezi mitano nilimwona mtoto akimbeba kiwavi huyo
vita hadi vita, akishindwa na kasa,
akishindwa na kokoto lenye macho,
akimlisha, akimwinua,
akimnong'onezea Kijaluo asivunjike moyo.

Jumatano moja nilichomelea bila barakoa.
Nukta mbili tu, nilijiambia.
Usiku macho yakajaa mchanga unaowaka.
Fundi yeyote wa Kibuye anaujua usiku huo.
Ajuang' akakata kiazi, vipande viwili,
akanibandikia machoni
taratibu, kama anayebandika stempu.

Mvua ikashuka kutoka Nandi,
radi ikaondoka na stima.
Nikalala nikisikiliza vidole vyake, ta, ta, ta,
halafu kimya,
halafu, "Baba. Baba! Anageuka!"

"Niambie."

Akaniambia.
Ngozi imepasuka mgongoni, kuna mwanga,
si wa tochi, ni ule wako,
ule unaotukataza tusiutazame.
Mbawa moja, nyekundu ya jiko likipepewa.
Nyingine. Subiri. Nyingine.
Unga unamwagika mbawani, unawaka kabla haujafika chini.
Sasa jina linabadilika, Baba,
Ko. Ka. Mo. To.

Nami, nyuma ya viazi, nikamwona.
Ule weupe ulionichoma tangu magharibi
ukakunjuka, ukapiga mbawa mara moja,
ukatulia juu ya kope zangu
kama uliyekuwa unatafuta pa kutua.

Chaji ikaisha. Hakuwa amehifadhi.

Asubuhi, kwa jirani mwenye sola,
mashine iliwaka ikamrudisha Kijinga,
ngazi ya hamsini na nane,
akitutazama kana kwamba hatujawahi kuonana.
Ajuang' hakulia.
Alikunywa chai akaenda shule na soksi moja.
Mashahidi tukabaki wawili,
na mmoja alikuwa amefumba macho.

Siku ya tatu nikavaa barakoa.
Geti la Odemba wa Nyamasaria; aliagiza simba wawili.
Nikamwekea mmoja.
Upande wa pili nikakunja nondo,
na goti langu linajua kona za mstatili tu,
halijui bawa.
Nikaharibu vipande vinne.
Cha tano kikakubali.
Odemba akija Jumamosi atakata elfu mbili, namjua,
atauliza kipepeo anafanya nini langoni mwa mwanamume.

Jioni Ajuang' akasimama mbele yake, begi mgongoni,
akahesabu kwa kidole, moja hadi sita,
akarudia.
Nikangoja.
"Shingoni umekosea," akasema. "Pale pana manyoya."

Nikaokota vipande vya waya, nikawasha mashine.
"Geuka," nikamwambia.
"Geuka, mama, usitazame."