Picha Juu ya Picha

Gundi tumeipika wenyewe, unga wa muhogo na maji.
Mke wangu anakoroga huku ananung'unika:
unga huu ungetosha ugali wa watu wanne.
Sikumjibu. Udiwani umenifunza mengi,
mojawapo ni kutojibu.

Tunaanzia ukuta wa godauni la tumbaku.
Picha yangu ya uchaguzi uliopita bado ipo,
mvua imekula shingo, jua limekula tai,
na mbuzi wa mtu, kwa miguu miwili,
amefika hadi herufi ya mwisho
ya neno MAENDELE
Ni mimi yule. Nywele zilikuwepo.
Napaka gundi kwenye paji langu la uso,
najibandika juu yangu mwenyewe,
napiga kwa kiganja ili viputo vitoke.
Kimoja kinagoma, pale penye jicho la kushoto.
Mihayo, kijana wangu wa kampeni, anaangua kicheko:
"Mheshimiwa, yule wa zamani anakukonyeza."

Nina daftari la kaunta, nililifungua mwaka ule.
Kisima: kimechimbwa, maji yana chumvi.
Makalavati: moja kati ya matatu.
Madawati: arobaini,
nayo huyataja kila mkutano, polepole,
ili yaonekane mengi.
Zahanati: boma.
Nimeandika hivyo tu, boma.
Kuta zimefika kwenye lenta zikachoka.
Ndani, chumba cha kujifungulia,
umeota mpapai ambao hakuna aliyeupanda
na unazaa.

Nimekaa vikao ishirini kule Sikonge.
Nimekunywa chai yao, nimesaini posho,
nimesimama nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, taarifa,"
nikaambiwa bajeti ijayo.
Bajeti ijayo ikaja, ikapita
kama basi la Mpanda,
vumbi letu, abiria wa wengine.

Saa kumi jioni tunafika kwa Nyanzobe.
Anamwagilia kitalu cha tumbaku
kwa kopo la rangi lililotobolewa kwa msumari.
"Mwangaluka," namsalimia, jioni yote hiyo,
ulimi umezoea nyumba za asubuhi.
Kabla hajaitikia, anageuka na kufoka:
"Diwani! Toka kwenye miche! Unakanyaga nini wewe?"

Nikaruka nyuma.
Mtoto naye akaruka.

Ana miaka mitano, kasoro wiki chache.
Alizaliwa kando ya Mto Wala, usiku
nikitoka kufunga kampeni,
mama yake nyuma ya pikipiki yangu,
shangazi yake nyuma ya mama yake,
kisha ikawa hakuna tena muda wa kufika popote.
Kanga mbili na tochi ya simu.
Mimi niliambiwa nitazame mtoni, nikatazama mtoni.
Jina akalipata palepale, kwa shukrani,
kura zikiwa bado hazijapigwa.
Katika kata nzima
huyu ndiye Diwani wa kwanza kutangazwa.

Basi nikakohoa, nikaanza yale niliyoyakariri:
ndugu zangu, tulikotoka, tulipo, tuendako...
Watu wenyewe ni yeye, mtoto, na bata.
Nyanzobe akanyoosha mgongo, mkono mmoja kiunoni,
ndipo nikaona kitenge kimepanda mbele.
Miezi minane, nikahesabu kimoyomoyo.
Uchaguzi mwishoni mwa mwezi,
na mvua haziko mbali.

Nikafungua daftari. Sijui nilitaka kumwonyesha nini.
Kopo likawa linamdondokea mguuni,
hakuliondoa.
"Kura yangu unayo," akasema,
"hilo lisikuchoshe.
Hiyo pikipiki, ina mafuta?"

Mihayo bado ameshika ndoo ya gundi.
Nikafungua kifuniko cha tenki,
nikaitikisa, nikainama kusikiliza.
Yule Diwani mwingine akaja mbio, miguu ina tope,
akaweka sikio lake
karibu na langu.